Baraza la Vitabu: Mfaransa Aliyetaka Kuja Unguja

Mwezi uliopita nilimtaja mshairi wa Kifaransa, Arthur Rimbaud, kwa mstari mmoja tu, nilipokuwa nikijibu swali la mtu mwingine kabisa. Nilisema aliandika kitabu akiwa darini, katika nyumba ya shamba, wenziwe wakiwa wanavuna. Basi. Nilidhani mstari utapita kama ilivyopita mingi. Barua zikaja, na moja kati ya hizo imenifanya niahirishe maswali yote ya tahajia niliyoahidi. Wa tahajia mnisamehe, zamu yenu itafika.

*Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa sita huu, na kitambulisho ninacho, si papasi. Juzi nilikuwa na wageni watatu wa Kifaransa. Tulipofika Shangani mmoja wao, mama mtu mzima, akaniuliza nyumba ya Rimbaud ipo wapi. Nikamwambia simjui. Akashangaa, akasema ni mshairi mkubwa wa kwao na Zanzibar imo katika barua zake. Jioni nikamhadithia mwenzangu, akanicheka: ungemuonesha nyumba yoyote yenye mlango wa njumu, angepiga picha, angefurahi. Na bosi wetu anataka tuchague nyumba moja tuitie katika matembezi. Nakuuliza kabla hatujachagua: alikaa wapi? — Mtembezaji, Mji Mkongwe*

Marahaba, mwanangu. Hakukaa popote. Hakufika.

Mama yule hakukosea lakini. Zanzibar imo katika barua za Rimbaud kweli, na imo zaidi ya mara moja. Hadithi yake ndiyo hii, ichukue utembee nayo.

Agosti ya 1880 Rimbaud alikuwa Aden, kijana wa miaka 25, amepata kibarua kwa mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Alfred Bardey. Unajua kazi yenyewe ilikuwa nini? Kusimamia wanawake wanaochambua kahawa. Wengi wao walikuwa wake wa askari wa Kihindi. Wamekaa chini wanatenga buni nzuri na mbovu, naye amesimama anawaangalia. Mimi niliposoma hapo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana nimezaliwa Pemba na nimekulia kwenye jamvi la karafuu, nakijua kichwa cha msimamizi anayewahesabia watu vikonyo. Katika joto lile la Aden akaandika barua nyumbani, kwa mama yake na ndugu zake, kwamba akishapata faranga mia kadhaa ataondoka kwenda Zanzibar, kwa kuwa inasemekana huko kuna kazi.

Inasemekana. Neno hilo ndilo lililojaza bandari yetu kwa miaka 200.

Na halikuwa neno la ovyo. Zanzibar ya 1880 ni ya Seyyid Barghash. Meli za kampuni ya British India zilikuwa zimeanza kutuunganisha na Aden tangu 1872, na mwaka mmoja tu kabla ya barua ile, 1879, waya wa simu ya maandishi ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi hapa. Pembe zinatoka bara, karafuu zinatoka mashamba, reale za Maria Theresa zinapita mkono kwa mkono Unguja kama zilivyopita Harar kule Uhabeshi. Kijana mwenye kiu ya pesa aliyeketi Aden alikuwa akilisikia jina letu kila meli inapotia nanga. Nauli tu ndiyo iliyokuwa baina yetu na yeye.

Mwishoni mwa mwaka ule tajiri wake akampeleka Harar, Uhabeshi ya mashariki, kununua kahawa, ngozi na pembe. Zanzibar ikasogezwa mbele. Tangu hapo nimeona mtindo wake: mambo yakimwendea vibaya, Zanzibar inatokea katika barua. Mwaka 1887 yuko Cairo, amechoka, ana dhahabu ya zaidi ya faranga 16,000 ameifunga kiunoni, kilo nane kwa hesabu yake mwenyewe, na analalamika kwamba uzito huo unamtia tumbo la kuhara. Na hapo bado anaandika kwamba huenda akaja Zanzibar. Miaka saba imeshapita! Mtu aliyekuwa hana nauli sasa amevaa nauli ya jahazi zima, na hakupanda.

Nilikuwa na kaka yangu aliyekwenda Dubai mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kila barua alisema mwakani atahamia Kanada. Mama alikuwa akinipa nimsomee, na nikifika penye Kanada ananiambia, "Ruka hapo, nishapajua." Kaka alifia Dubai, Mungu amrehemu, na hakuwahi kununua koti la baridi. Kwa hiyo simcheki Rimbaud. Nadhani kwa watu wa namna hii mji wa mbali una kazi yake nyingine: unamfanya mtu astahamili pale alipo.

Sasa kuhusu nyumba. Usichague, mwanangu. Harar wanayo nyumba nzuri sana ya mbao yenye vioo vya rangi, wanaiita ya Rimbaud, nayo ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi baada ya Mfaransa mwenyewe kuwa kaburini. Wageni wenye kusoma wanalijua hilo na wanatabasamu kwa adabu. Sisi tuna nyumba za kutosha zenye ukweli wake. Wewe wachukue wageni wako pale Shangani wanapoiona bahari, waambie: meli kutoka Aden zikitia nanga mbele hapa, mshairi wenu alisema kwa miaka saba kwamba atashuka katika mojawapo, na hakushuka. Nyamaza kidogo. Wakuulize wao. Kama bosi anataka mlango wa njumu, mlango upo, mpeni hadithi ya aliyeutia njumu.

*Bi Mwalimu, uliandika kwamba Rimbaud alitunga kitabu juu ya dari wakati wa mavuno. Kijiji gani hicho, na leo kikoje? Nauliza kwa sababu mimi pia ni wa kijijini na ninaandika mashairi, na nyumbani wananiona mvivu. — Msomaji, Wete*

Ah, wewe ndiye niliyekuwa nikikungoja.

Kijiji kinaitwa Roche. Kukiita kijiji ni kukipa heshima. Ni nyumba chache na mashamba, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, katika wilaya ya Ardennes. Kiutawala kimeunganishwa na jirani yake, wanaandika Chuffilly-Roche, na mji mdogo wa karibu ni Attigny. Mama yake Rimbaud, Vitalie Cuif, alirithi shamba hapo kutoka kwa wazee wake. Mwanamke mgumu, mcha Mungu, wa mahesabu. Mumewe alikuwa kapteni wa jeshi. Mwaka 1860 aliondoka na hakurudi tena, akamwachia watoto wanne. Rimbaud mwenyewe alizaliwa mjini, Charleville, tarehe 20 Oktoba 1854, kiasi cha kilomita 40 kutoka hapo, na kwa mtoto wa mjini Roche ilikuwa adhabu. Mei 1873 alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba mama amemtupa katika shimo la huzuni, hakuna kitabu, hakuna mgahawa wa kukaa, hakuna tukio njiani. Lugha aliyotumia sitaiandika katika gazeti linaloingia majumbani.

Alikuwa ameshaanza kuandika kitu, hajui ni nini. Akatoroka tena, London, kisha Brussels, na huko tarehe 10 Julai 1873 mshairi mwenzake Paul Verlaine, katika ugomvi wa ulevi na mapenzi yaliyoharibika, akampiga risasi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Verlaine akafungwa miaka miwili. Rimbaud akarudi Roche, mkono umefungwa, umri miaka 18.

Na wakati aliorudi ndio mavuno. Hapa nitakaa kidogo, kwa ruhusa yako.

Mdogo wake, naye akiitwa Vitalie, alikuwa akiandika daftari la siku zake, na humo kaandika kwamba kila mtu nyumbani ana kazi isipokuwa Arthur. Mama yupo shambani, ndugu wapo shambani, ngano inakatwa, na kijana yupo juu darini amejifungia. Mimi sihitaji picha ya Ufaransa kulielewa hilo. Kwetu Pemba msimu wa karafuu ukishika, nyumba nzima inahama: skuli zinafungwa, wanaume wako juu ya mikarafuu, sisi watoto tunaokota zilizoanguka, na usiku taa ya kandili inawekwa katikati tunachambua mpaka vidole vinanuka na kuuma, asubuhi zianikwe kabla jua halijakaza. Mtu mzima mwenye mikono miwili (haya, mmoja na nusu) akae darini na karatasi? Kaka yangu huyo wa Dubai alijaribu mara moja, alijificha darini na riwaya. Baba hakumpiga. Alimwondolea ngazi. Alikaa huko mpaka magharibi, na hakuna aliyemwita kula.

Rimbaud aliachiwa ngazi. Hilo la mama yake huwa halisemwi. Kitabu kilipokwisha, Agosti, kinaitwa *Une saison en enfer*, yaani *Msimu Mmoja Jahanamu*, mama yule mgumu ndiye aliyetoa fedha za kuanzia kwa mpiga chapa. Kikachapwa Brussels vuli ya mwaka ule, nakala zipatazo 500, bei faranga moja. Mtunzi akachukua nakala chache akawapa marafiki. Deni lililobaki hakulilipa. Nakala nyingine zikabaki ghalani kwa mpiga chapa, zimefungwa.

Baada ya kifo chake jamaa zake walisema alizichoma zote, na watu wakaamini, kwa kuwa mshairi anayechoma kitabu chake ni hadithi tamu. Mwaka 1901 mwanasheria wa Kibelgiji, Léon Losseau, mpenzi wa vitabu, akaingia katika ghala lile kutafuta kitu kingine akakuta mafurushi. Vitabu vilikuwepo, vingine vimeharibika kwa maji. Miaka 28 vimelala kwa sababu ya bili.

Roche ya leo sasa. Nyumba haipo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliikalia sehemu ile, na Oktoba 1918, wakirudi nyuma, wiki chache tu kabla ya vita kumalizika, wakailipua. Kimesalia kipande cha ukuta. Juu ya kiwanja hicho ilijengwa nyumba nyingine baadaye, ya kawaida tu, na mwaka 2017 akainunua mwimbaji wa Kimarekani Patti Smith, ambaye amempenda Rimbaud tangu usichana wake. Kipo na kile kibanda cha kufulia nguo, cha kijiji kizima, kama visima vyetu vya zamani ambapo habari zote zikianzia.

Vijiji vingine Ufaransa vimefanya vingi zaidi. Kipo kimoja karibu na mji wa Chartres kilichokuwa kikiitwa Illiers. Marcel Proust alikuwa akipelekwa huko utotoni kwa shangazi yake, akaja kukigeuza katika riwaya kikawa Combray. Mwaka 1971, ilipotimia miaka 100 tangu Proust azaliwe, kijiji kilibadilisha jina rasmi kikawa Illiers-Combray, nusu halisi nusu ya kubuni, na waoka mikate wa hapo wanauza vikeki vile vilivyomo katika kitabu. Sisemi vibaya, kila mtu ale. Ila mimi moyo wangu uko Roche penye kipande cha ukuta. Proust alikipenda kijiji chake, kulipwa jina ni haki. Rimbaud alikitukana chake, kisha barua alizowaandikia wa kwao kwa miaka kumi na kitu, kutoka Aden, kutoka Harar, kutoka Cairo, zilikwenda huko huko shimoni.

Na alikuwa akiomba vitabu! Hilo nisilisahau. Novemba 1880 alipeleka orodha Roche: anataka kitabu cha useremala, cha kufua vyuma, cha kutengeneza ngozi, cha kufinyanga, cha kuchoma matofali, cha kutengeneza mishumaa. Ushairi hakuuliza hata ukurasa. Mama kijijini ndiye wa kuvitafuta, kuvifunga, kuvilipia posta. Baadaye akaomba na mashine ya kupigia picha. Tunazo picha zake alizojipiga Harar mwaka 1883, amevaa nguo nyeupe, uso haufurahi.

Umeniuliza pia, kwa mlango wa nyuma, kama wewe ni mvivu. Sikujui, mwanangu. Lakini Pemba ile ile unayoikaa, wakati Rimbaud anahesabu buni, walikuwepo Kamange na Sarahani, wakitunga na kujibizana, na watu wa kawaida, wachumaji, ndio waliozihifadhi beti zao vifuani mpaka zikaja kutiwa vitabuni. Hakuna aliyewaambia wateremke kwenye dari, kwa sababu walikuwa wakitunga barazani mbele za watu. Jaribu. Chuma karafuu asubuhi, jioni wasomee. Wakisinzia, utajua.

*Mwalimu, umemsifu sana. Mimi nasomesha historia. Nimesoma kwamba mtu huyu aliuza bunduki na watumwa. Hapa Mkunazini palipokuwa na soko, tunamsifu kwa lipi? — Mwalimu wa historia, Unguja Mjini*

Swali lako ni la haki na sitaliruka.

Bunduki, ndiyo. Kati ya 1885 na 1887 alipeleka kwa Menelik, aliyekuwa bado mfalme wa Shewa huko Uhabeshi, msafara wa bunduki kiasi cha 2,000, silaha kuukuu za Ulaya. Alikwama pwani ya Tadjoura karibu mwaka mzima, mshirika wake mmoja akafa, wa pili akafa, na alipofika, Menelik akamkata bei na kumtoza madeni ya marehemu. Biashara halali kwa macho ya wakati ule, na wala hakutajirika nayo.

Kuuza watumwa: aliyelianzisha shitaka hilo ni mwandishi wa wasifu wake wa karne iliyopita, na waliokuja kupekua nyaraka baadaye hawakuona kitu cha kulisimamisha. Lakini usinishangilie. Ipo barua ya Desemba 1889, kwa mkono wake, kwa mhandisi wa Kiswisi Alfred Ilg aliyekuwa akifanya kazi kwa Menelik, akimwomba nyumbu mzuri na vijana wawili watumwa. Katika mstari mmoja, nyumbu na vijana. Ilg alimjibu kwamba hajawahi kununua watumwa na hataki kuanza.

Barua hiyo huwa naisoma pamoja na tarehe nyingine. Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba ulioufunga uuzaji wa watu hapo Mkunazini unaposomesha. Ni mwaka ule ule Rimbaud alipokuwa Roche na kitabu chake, na humo mna sehemu anajiita yeye ndiye mshenzi, yeye ndiye mweusi, na anawatukana wakoloni wanaoshuka na mizinga. Miaka 16 baadaye anaagiza watoto wawili. Yule wa darini angemwandikia nini huyu wa Harar? Mimi nawasomesha wanafunzi wangu vyote viwili, na sijapata mwanafunzi aliyeshindwa kuvibeba pamoja. Kumsifu simsifu, nasoma alichoandika akiwa na miaka 18.

*Bi Mwalimu, ni kweli alisilimu? — Chake Chake*

Wapo wanaosema, na ushahidi hautoshi. Baba yake aliwahi kufanya kazi jeshini Algeria na aliacha makaratasi ya Kiarabu. Rimbaud aliyaulizia katika barua ya 1881, daftari la mizaha na michezo ya maneno. Mwaka 1883 aliagiza tafsiri ya Kurani kutoka kwa wachapishaji Hachette, Paris. Kiarabu alikijua. Upande wa pili, dada yake Isabelle alimwandikia mama yao tarehe 28 Oktoba 1891 kwamba Arthur ameungama kwa padri hospitalini. Alikufa siku 13 baadaye na akazikwa Charleville kwa desturi za kanisa. Ya moyoni anayajua Mola wake, na sisi tusimgombanie maiti.

*Bi Mwalimu, mimi ni mama wa Mwanakwerekwe. Mwanangu yuko Ufaransa, anasoma mji unaoitwa Reims. Ananiambia wikiendi hana pa kwenda ila dukani. Hicho kijiji chako kiko mbali naye? — Mama mtu*

Bibi wee, hakiko mbali kabisa! Kutoka Reims hadi Roche ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Treni haifiki kijijini. Zamani ilikuwepo stesheni ya Voncq, kilomita chache tu, na hapo ndipo Rimbaud alipoteremshwa Julai 1891.

Nikueleze kidogo safari hiyo, ili mwanao ajue anakanyaga wapi. Mapema mwaka ule goti la kulia lilimvimba Harar. Akachora mwenyewe machela, akakodi wapagazi 16, wakamchukua kiasi cha kilomita 300 hadi pwani ya Zeila, mvua ikimnyea humo humo. Kutoka Aden meli ikampeleka Marseille. Tarehe 27 Mei mguu ukakatwa. Akarudi Roche kwa mama yake, kwenye nyumba ile ile yenye dari la ujana wake, ingawa sasa ngazi haipandiki. Ilikuwa kiangazi na bado mvua na baridi. Hakulala kwa maumivu. Isabelle alikuwa akimpikia maji ya afyuni. Alistahamili mwezi mmoja, kisha akashika njia ya kusini tena, akitaka kupanda meli arudi Aden. Aliishia hospitali ile ile ya Marseille. Tarehe 9 Novemba alimwandikisha dada yake barua kwa mkuu wa kampuni ya meli, akiuliza saa ngapi abebwe kuingizwa melini, anakwenda Suez. Tarehe 10 alikufa, miaka 37.

Basi mwambie kijana achukue sweta hata kama ni Agosti. Auangalie ule ukuta na kibanda cha kufulia, asiende kuchungulia nyumba ya watu. Akipata siku ya pili, aendelee kaskazini hadi Charleville. Huko treni ipo. Makumbusho ya Rimbaud yako ndani ya kinu cha zamani juu ya mto Meuse. Halafu aende makaburini. Mlangoni wamewekea sanduku la posta, na watu wa dunia nzima humwandikia Rimbaud barua wakazitia humo.

Mimi nimeshanunua kadi ya Forodhani, ile yenye majahazi, na nyuma nimeandika maneno mawili matatu. Nipe anuani ya kijana kupitia ofisi ya gazeti, nimpelekee aitie sandukuni. Stempu nimelipa.